Programu Njema Huanzia kwa Mwenye Shida

Wazazi wengi hulalamika siku hizi juu ya simu. Mtoto arudipo shuleni, hata kabla ya kusalimu vizuri, macho yake yamekwisha kutua juu ya kioo cha simu. Aitwapo akateke maji, hasikii. Na wale walio na mtoto katika chuo kikuu, anayesomea mambo ya kompyuta, hujiuliza kimoyomoyo: “Fedha hizi tunazolipa kila mwaka zitazaa nini? Daktari twaijua kazi yake; mwalimu twamjua; mwashi twaziona nyumba alizozijenga. Lakini huyu anayeandika programu, atamfaa nani?”

Swali hilo ni la haki, wala si la kuchekwa. Twapenda kulijibu leo, si kwa maneno matupu ya kusifu maendeleo, bali kwa habari za wanafunzi wa Uganda na Kenya walioandika programu za simu ili kuwasaidia watu. Katika habari hizo tutaona mambo mawili: kwanza, kwamba kijana wa Afrika aweza kweli kuifanya kazi ya namna hiyo, pili, kwamba kazi yenyewe ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani, na kwamba sehemu kubwa ya ugumu wake haimo ndani ya simu.

Programu ni nini?

Mama anapomtuma mtoto sokoni humwambia: “Nunua chumvi. Kama hakuna katika duka la kwanza, pita duka la pili. Fedha ikibaki, irudishe.” Kwa maneno hayo amempa mtoto programu, yaani maagizo yaliyopangwa moja baada ya jingine. Tofauti ni hii: mtoto mwenye akili, akikuta maduka yote mawili yamefungwa, atatafuta njia nyingine au atarudi nyumbani kuuliza. Simu haina akili hiyo; hutii tu. Usipoiambia la kufanya maduka yakifungwa, itasimama mlangoni hata usiku. Ndiyo maana mwenye kuandika programu hana budi kufikiri kwa utaratibu na kuyaona mapema yote yawezayo kutokea.

Zamani kazi hiyo ilidai masomo marefu. Mwaka 2010 kampuni ya Google ilitoa chombo kiitwacho App Inventor, ambacho baadaye kilihamia chuo cha MIT huko Marekani. Kwa chombo hicho mwanafunzi hupanga vipande vya rangi juu ya kioo cha kompyuta, akivishikamanisha kimoja na kingine kama mwashi apangavyo matofali. Kwa majuma machache mwanafunzi wa sekondari aweza kutengeneza programu ndogo ifanyayo kazi katika simu.

Basi, kuandika programu si muujiza tena. Linalobaki kuulizwa ni hili: programu ya nini, na kwa ajili ya nani?

Sikio juu ya tumbo la mama

Twende kwanza Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 2012 kundi la wanafunzi wa kompyuta lilitaka kushiriki katika Imagine Cup, mashindano ya wanafunzi yaliyoanzishwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2003. Wangaliweza kutengeneza mchezo wa kuchezea, kama wengi wafanyavyo. Wao walitazama nyumba ya uzazi.

Kila mkunga anakijua chombo kidogo mfano wa baragumu, ambacho huwekwa juu ya tumbo la mama mja mzito ili kusikiliza moyo wa mtoto. Kilitungwa na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, na hata leo chatumika katika nyumba nyingi za uzazi za Afrika, kwa kuwa hakihitaji umeme, hakiharibiki upesi, na bei yake ni ndogo. Mkunga huweka sikio, hutazama saa, na kuhesabu. Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga kwa kawaida mara 110 mpaka 160 kwa dakika moja. Ukipungua sana au kuzidi sana, yamkini mtoto yumo hatarini, na yafaa mama atazamwe upesi.

Shida ni kwamba kuhesabu hivyo kwadai sikio lililozoea na mahali palipo kimya. Nyumba ya uzazi si mahali pa kimya. Huyu analia, yule anaita, na mkunga mmoja anawaangalia mama wengi kwa mara moja. Hospitali kubwa zina mashine za kufanya kazi hiyo, lakini mashine hizo ni za bei kali na zataka umeme.

Wale wanafunzi walichukua umbo la baragumu ile ile, wakatia ndani yake kinasa sauti kidogo, wakakiunganisha na simu. Simu husikiliza, huhesabu mapigo, na kuonyesha hesabu kwenye kioo. Waliiita WinSenga. Silabi ya kwanza yatoka katika Windows, programu ya Microsoft; na “senga” ni neno la Waganda, maana yake shangazi, yule dada wa baba ambaye kwa desturi humfundisha msichana mambo ya ndoa na uzazi.

Tuangalie vema jambo hilo. Vijana hawa hawakumwambia mkunga, “Tupa chombo chako, sisi tumeleta kingine.” Walikichukua alichokizoea mkononi, wakakiongezea sikio la pili. Na jina walilitoa katika ukoo. Mtu akubalipo chombo kipya, mara nyingi ni kwa sababu ameona ndani yake kitu anachokijua.

Homa bila kutoboa kidole

Habari ya pili nayo ni ya Kampala. Mwanafunzi mmoja, Brian Gitta, aliugua malaria. Akapimwa damu mara nne ndipo ugonjwa ukaonekana. Kutokana na taabu hiyo, yeye na wenzake walitafuta njia ya kupima malaria pasipo kutoa damu. Chombo chao wakakiita Matibabu, neno ambalo kila msomaji wetu analijua. Hubana kidole kwa nje tu, hupitisha mwanga mwekundu ndani ya ngozi ili kuzichungua chembe za damu, na jibu hupelekwa kwenye simu.

Mwaka 2013 chombo hicho kilipata tuzo katika Imagine Cup. Mwaka 2018 Gitta, akiwa na miaka 24, alipewa Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Alikuwa Mganda wa kwanza kuipata, na mdogo kwa umri kuliko wote waliotangulia.

Hesabu miaka hiyo, msomaji. Tangu tuzo ya kwanza hata ya pili imepita miaka mitano, na mwaka huo wa 2018 chombo kilikuwa kingali kinajaribiwa. Kwa nini muda mrefu hivyo? Je, vijana walilegea? Hapana. Sababu ni kwamba kupima ugonjwa si mchezo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme chombo fulani, kikiletewa watoto 100 walio na malaria kweli, huwatambua 80. Darasani, mwanafunzi apatae 80 kwa 100 hupongezwa. Lakini katika zahanati, maana yake watoto 20 wameambiwa hawana malaria nao wanayo, wamerudishwa nyumbani pasipo dawa. Na malaria kali yaweza kumuua mtoto mdogo katika muda wa siku moja. Iko na hatari ya upande wa pili: chombo kikisema “malaria” mahali ambapo pana homa ya mapafu, mtoto atapewa dawa isiyo yake, na ugonjwa wa kweli utaendelea kumla. Kwa hiyo lazima chombo kijaribiwe kwa watu wengi, jibu lake lilinganishwe na jibu la darubini, na waganga wenye ujuzi wakubali. Hakuna zawadi iwezayo kuchukua mahali pa majaribio hayo.

Tena, kijana mwenye busara hujiuliza: kabla yangu, watu hutumia nini? Siku hizi zahanati nyingi zina kipimo cha haraka cha malaria: tone la damu juu ya kipande kidogo cha plastiki, na baada ya robo saa hivi jibu latokea, bila umeme na bila simu. Mwenye kuleta kitu kipya yampasa kuonyesha kwamba chake chashinda hicho kwa ukweli, kwa bei, au kwa wepesi. Kupendeza machoni hakutoshi. Nasi wa Kongo jambo hili latugusa sana, kwa maana baada ya Nigeria hakuna nchi duniani yenye wagonjwa wengi wa malaria kuliko yetu.

Wasichana watano wa Kisumu

Habari ya tatu ni ya Kisumu, mji wa Kenya ulio kando ya Ziwa Victoria. Wanafunzi wa kwanza tuliowataja walikuwa wa chuo kikuu. Hawa walikuwa wasichana wa sekondari, watano, wa miaka kati ya 15 na 17. Walijiita The Restorers, maana yake warudishao yaliyopotea.

Shida waliyoichagua ni ukeketaji, ile desturi ya kuwakata wasichana ambayo sheria ya Kenya imeikataza kabisa tangu mwaka 2011, lakini ingali yafanywa kwa siri mahali pengi. Hawakuisoma shida hiyo kitabuni tu. Mmoja wao alisimulia juu ya rafiki yao wa darasani: alikatwa, na baada ya hapo hakurudi shule tena.

Programu yao, iitwayo i-Cut, ilikuwa na vitufe vichache tu kwenye kioo. Msichana aliye hatarini aweza kubonyeza na kuomba kuokolewa. Aliyekwisha kukatwa aweza kutafuta msaada wa daktari na wa sheria. Jirani au mwalimu aweza kutoa habari kwa wakubwa. Na kila mtu aweza kusoma mafundisho juu ya madhara ya desturi hiyo. Mwaka 2017 walichaguliwa kwenda California, kwenye fainali ya Technovation, mashindano ya dunia nzima yanayowafundisha wasichana kutengeneza programu za kuondoa shida za mahali pao. Na mwaka 2019 Bunge la Ulaya liliwaweka miongoni mwa walioteuliwa mwishoni kwa Tuzo ya Sakharov, ambayo hutolewa kwa watetezi wa haki za watu.

Sifa hizo wanazistahili. Lakini tuulize swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: msichana akibonyeza kile kitufe cha kuokolewa saa nne za usiku, ni nani atakayeondoka kitandani kwenda kumchukua? Simu haina miguu. Nyuma ya kitufe hapana budi pawe na nyumba ya kuwapokea wasichana, mtu wa zamu, gari au pikipiki, na polisi anayeijua sheria. Pasipo hao, kitufe ni ahadi ya uongo, tena yaweza kumletea mtoto hatari zaidi kuliko kunyamaza. Na kuna la pili: msichana wa miaka 12 mara nyingi hana simu yake, ashikayo ni ya baba, na maneno aliyoyaandika yaweza kusomwa na yule yule anayemwogopa. Mwenye kutengeneza programu ya namna hii hana budi kuyapima hayo yote kabla ya kuandika agizo la kwanza.

Kwa nini nyingi hufa?

Mwanafunzi hutengeneza programu, huionyesha mbele ya walimu, hupigiwa makofi, hupata cheti. Mwaka ufuatao ukiiuliza, haipo. Katika vyuo vyetu vya Kongo twalijua jambo hili vizuri. Kila anayemaliza huandika kitabu cha kumaliza masomo, hukitetea mbele ya waamuzi, kisha kitabu chalala katika maktaba. Programu nyingi hulala pamoja nacho.

Sababu si uvivu. Simu hubadilika, na programu isiyotengenezwa upya huacha kufanya kazi. Kompyuta inayotunza taarifa hulipiwa kila mwezi, na mwanafunzi aliyemaliza masomo hana mshahara bado. Wenzake wametawanyika, kila mmoja kwao. Lakini sababu kubwa kuliko zote ni hii: programu ilitengenezwa ili kuwapendeza waamuzi, wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akiingojea. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeketi mjini na kutunga dawa ya taabu ya kijijini pasipo kukilalia kitanda kile, atawasahau kunguni wote.

Tutoe mfano wa kwetu. Katika nchi yetu mtoto hupata chanjo anapozaliwa, kisha katika majuma ya 6, ya 10 na ya 14, na tena katika mwezi wa 9. Mwanafunzi anasema: “Nitaandika programu ya kuwakumbusha akina mama.” Wazo ni jema, na hesabu yake ni nyepesi: chukua siku ya kuzaliwa, ongeza majuma, tuma ujumbe siku moja kabla. Kazi ya jioni mbili. Sasa mwanafunzi huyo na aende aketi asubuhi moja tu katika zahanati, kando ya muuguzi anayeandika kadi. Atajifunza mengi. Mama wa kwanza hana simu. Namba aliyoitoa ni ya mume, naye mume yuko machimboni. Mama wa pili amebadili namba mara mbili tangu kujifungua. Wa tatu hajui kusoma, na ujumbe umeandikwa kwa Kifaransa. Wa nne anakaa ng’ambo ya mlima, ambako simu haishiki. Na wa tano alikuja siku ile ile aliyoambiwa, akatembea saa tatu na mtoto mgongoni, akakuta chanjo zimekwisha. Huyu wa tano hakusahau kitu, kumkumbusha hakumfai. Kinachomfaa ni kujua, kabla ya kuondoka kwake, kama chanjo ipo.

Tazama jinsi asubuhi moja ilivyoigeuza kazi yote. Labda programu inayotakiwa si ya mama, bali ya muuguzi, ya kuhesabu chupa za chanjo zilizobaki na kuwapasha habari wakubwa wake mapema. Labda ujumbe wafaa uwe sauti, si maandiko, kwa lugha isemwayo nyumbani. Labda utumwe pia kwa mjumbe wa afya wa kijiji, anayepita nyumba kwa nyumba. Hayo yote hayamo katika kompyuta. Yamo kwa mwenye shida, naye hutoa bure kwa kila anayekuja kumsikiliza kwa heshima.

Maswali ya kujiuliza

Enyi vijana mnaosomea kazi hii, twawapa maswali matano. Yaandikeni katika ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya kuifungua kompyuta.

1. Ni nani mwenye shida hii? Je, nimeketi naye, nikamwona akifanya kazi yake, au nimemwazia tu?

2. Leo hii anaitatua vipi pasipo mimi, na njia yangu yaishinda ile kwa nini?

3. Programu yangu ikikosea, ni nani atakayeumia? Ikiwa ni mgonjwa au mtoto, ni nani mwenye ujuzi atakayeijaribu kabla haijafika kwake?

4. Itafanya kazi katika simu ya bei ndogo, mahali pasipo intaneti, kwa lugha ya watu wale, na kwa mtu asiyesoma? Na siri zao zitatunzwa wapi?

5. Nikisha kumaliza masomo, ni nani atakayeitunza, na nani atakayelipa?

Asiyeweza kuyajibu yote asikate tamaa. Achague shida ndogo zaidi. Programu ya kutunza hesabu za chama cha wakulima ishirini, nao wakaitumia kila juma kwa miaka mitatu, yashinda ile iliyosifiwa mbele ya watu elfu moja na kufa baada ya mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi wazazi na walimu

Sisi walimu tuna sehemu yetu. Tusimpe mwanafunzi alama kwa sababu kioo cha programu yake kina rangi nzuri. Tumwulize: “Ni nani ameitumia? Amesema nini? Umebadili nini baada ya kumsikia?” Katika Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani wako vijana wengi wanaojifunza kompyuta, na jirani na kila chuo iko zahanati, liko soko, iko shule ya msingi. Umbali kati yao ni mwendo wa dakika chache, lakini wengi hawauendi.

Na wazazi, msidhani kwamba hamna la kumfundisha mtoto wenu kwa sababu hamjui kompyuta. Mama anayeuza samaki ajua kwa nini bei hupanda Jumatano. Baba anayelima ajua mbegu ipi huharibika ghalani. Bibi aliyewapokea wajukuu ajua kwa nini mama wengine huchelewa kwenda kujifungua. Maarifa hayo hayamo katika simu yoyote. Mwiteni kijana, mketishe, mwelezeni kwa urefu. Na akianza kutazama kioo, mwambieni akiweke chini kwanza. Hapo mtakuwa mmempa nusu ya kazi yake, nayo ni ile nusu ambayo hakuna chuo kinachoweza kumpa.

Ndipo litakapopata jibu lile swali la fedha za masomo. Mwandika programu atamfaa nani? Atamfaa yule aliyekwenda kwake kwanza.